Jirani na Chupa Yake ya Chai

Nimeishi ukuta mmoja na afisa wa kodi kwa miaka mingi hapa Buruburu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba kati yetu wawili, mtu mkubwa ni mimi. Nilikuwa na sababu zangu. Yeye alikuwa na gari dogo la zamani, akiliosha mwenyewe Jumamosi kwa ndoo moja ya maji, amevaa kaptura iliyopauka hadi rangi yake ikasahaulika. Mimi nilikuwa na karakana. Nilikuwa na pikapu. Na mlangoni pa karakana nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu MKURUGENZI, herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini ukipita mtaa huu ukaona geti lenye simba aliyevaa taji, jua umeona mkono wangu. Wenye wivu husema yule simba ni paka. Kuna mmoja aliwahi kusema ni kondoo aliyenyolewa na mlevi. Mimi nasema ni simba, na aliyemkata kwenye bati ni mtu aliyeacha shule darasa la sita kule Ziwani, akaanza maisha kwa kuwashikia mafundi vyuma, akafika alipofika bila kusukumwa na mtu. Hiyo hadithi mtaa mzima umeisikia. Mke wangu, Mama Shiko, anaijua hata anaweza kuimalizia akiwa jikoni bila kunisikiliza.

Lakini leo si hadithi yangu. Ni ya jirani. Nitamwita Afisa, kwa maana ndivyo kila mtu alivyomwita, na sidhani kama mlinzi wetu anajua jina lake hata sasa.

Afisa alikuwa mtu wa neno moja. Ukimwambia habari za asubuhi, "Salama." Ukimwambia mvua imekaribia, "Salama." Siku moja paka halisi, si wa bati, aliruka kutoka kwa mti akatua begani mwake, naye akamshusha taratibu, akatutazama sisi tuliopigwa na butwaa, akasema, "Salama," akaingia ndani. Mlinzi alipoajiriwa mara ya kwanza alinivuta kando. "Mkubwa, kwani yule mzee ni bubu?" Nikamwambia, "Hapana, ni wa kodi." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ugonjwa mbaya zaidi.

Na alikuwa na ile chupa ya chai. Ya buluu, imebonyea ubavuni, mfuniko wake ndio kikombe. Alikwenda nayo kazini, sawa, wengi huenda nayo. Lakini huyu alikwenda nayo kila mahali. Kanisani. Kwenye mikutano ya mtaa. Matangani alikaa kwenye kiti cha plastiki kama watu wote, akaimba nyimbo zote, na mandazi yakipitishwa anafungua chupa yake na kujimiminia mwenyewe.

Siku wakwe walipokuja nyumbani kwa mambo ya mahari ya binti yangu Shiko, nilimwalika. Nilitaka wakwe waone nina majirani wa serikali. Nilikuwa nimechinja. Nilikuwa nimekodi hema jeupe lenye mapazia. Afisa akaingia, suti nzuri, tai nzuri, na kwapani chupa ya buluu. Mama Shiko alipompelekea chai kwa mikono yake mwenyewe, akashukuru, akakiweka kikombe chini ya kiti, akafungua chupa yake. Mjomba wa mkwe wangu akaniinamia. "Huyu ni mgonjwa? Ni sukari?"

"Ni kazi," nikasema.

"Kazi gani inakataza chai?"

Nikamwongezea nyama. Mama Shiko hakulala vizuri juma zima. Aliapa kwamba hata mchawi angekunywa.

Sababu tulikuja kuijua baadaye, kutoka kwa mke wake, walipokuwa wakianika nguo yeye na Mama Shiko. Alipokuwa kijana kazini, Afisa aliishi mtaa mwingine, na alikuwa akinywa chai kwa mwenye duka mmoja jioni. Katika mazungumzo alimweleza yule mwenye duka kajambo kadogo ka kodi, bure, kirafiki, kitu ambacho kila mtu angeambiwa akifika ofisini. Yule bwana akaanza kutembea kifua mbele. "Nina mtu wangu kule ndani." Akawa anawauzia wengine maneno yale yale, na kila mnunuzi akaamini kwamba sehemu ya pesa inapanda juu kwa Afisa. Siku moja Afisa akaitwa na wakubwa wake ajieleze kwa ajili ya vikombe vya chai. Alijieleza, akaachwa. Lakini tangu siku hiyo hakunywa cha mtu, na hakuzungumza kodi na mtu popote pasipo na mashahidi.

Usidhani alikuwa malaika. Mama wa mboga pale kona alikuwa akimwona anakuja anaanza kuimba nyimbo za kuomba subira, maana Afisa angeweza kusimama akizikagua nyanya tatu kama hakimu. Na huyu aliyefundisha Kenya nzima kuleta ritani mapema, yaani ile taarifa ya mapato unayopeleka kwa watu wa kodi, yeye mwenyewe mchango wa ulinzi wa mtaa aliuleta siku ya mwisho, jioni, mweka hazina akiwa tayari amefunga mkoba. Ukimlaumu, anasema, "Siku ya mwisho nayo ni siku."

Sasa, hilo la kufundisha Kenya nzima ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Shiko ndiye aliyenionyesha. Alikuwa amekuja kututembelea, akanisogezea simu. "Baba, si huyu ni jirani?"

Nikaishika simu kwa mikono miwili. Kulikuwa na baraza huko mtandaoni, kila Alhamisi alasiri, ambapo maafisa wa kodi hukaa na kujibu maswali ya wananchi. Unaandika swali lako, wanakujibu, na kila mtu anasoma. Siku nyingine hujitokeza kwa video. Na pale kwenye video alikuwa Afisa, bubu wetu, ANACHEKA. Meno nje. Sikuwahi kujua kama ana pengo.

"Karibu Mama Mitumba," alikuwa akisema. "Karibu Bwana Maziwa, leo umechelewa, ng'ombe amekataa? Karibuni nyote. Ulizeni kwa sauti, kuna mwenzako anayeogopa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema mwanzo wa kila baraza, na kila mtu alipoanza kwa kuomba radhi kwamba swali lake ni la kijinga. Kulikuwa na maafisa wengine. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kila swali alilijibu kwa kutuma anwani ya ukurasa ukasome mwenyewe. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye hata ukimwuliza saa ngapi angekuambia utembelee ofisi iliyo karibu nawe. Lakini Afisa alimjibu mtu kama mtu. Aliwaita watu kwa kazi zao, na aliandika kwa kidole kimoja, polepole, unaona yale madoadoa yanayoonyesha kwamba anaandika yakichezacheza kwa muda mrefu, na watu karibu mia wanangoja.

Mtu akiandika, "Nyinyi ni wezi nyote!" Afisa anamjibu, "Karibu ndugu. Hasira nimeipokea. Swali ni lipi?" Na nusu saa baadaye yule mwenye hasira anarudi, mpole, anauliza habari za duka lake la kinyozi.

Kijana mmoja wa bodaboda akaandika, "Buda, hii kitu ya ritani ni lazima na sina doo?"

Afisa akamjibu, "Kijana wangu, hata kama huna doo, tuambie huna. Ukinyamaza, mashine itadhani unazo pesa."

Nilicheka sana kwa jibu lile. Nilicheka kwa sababu sikujua kwamba linanihusu.

Nilijiunga na baraza siku hiyo hiyo. Jina nililojipa ni Mkurugenzi Mageti, na picha ni mimi mbele ya geti kubwa, mikono kifuani, simba juu ya kichwa changu. Lakini msinifikirie vibaya, sikwenda kuuliza. Mtu wa kiwango changu haulizi. Nilikwenda kusaidia. Watu wanauliza, kabla Afisa hajamaliza kidole chake, mimi nimeshajibu. Mama mmoja mwenye saluni aliuliza kama akifunga saluni yake miezi miwili ni lazima alete ritani. Nikamwandikia kwa ujasiri: "Mama, ukifunga mlango umefunga na kodi. Lala usingizi. — Mkurugenzi."

Madoadoa ya Afisa yakachezacheza. Kisha: "Namshukuru Mkurugenzi kwa moyo wake wa kusaidia. Sasa Mama Saluni, fanya kinyume cha hayo."

Juma zima vijana wa mtaa wakawa wananipungia mkono. "Niaje Kinyume!" Mpaka leo kuna mmoja ananiita hivyo.

Basi ndivyo tulivyokuwa. Huko mtandaoni ananiita Mkurugenzi mbele ya watu, na hapa nyumbani, kando ya ukuta wetu mmoja, "Salama."

Kisha ikaja habari ya geti la shule.

Ile shule ya Ziwani niliyoiacha darasa la sita ilitaka geti jipya. Geti kubwa, la mbele, la kuingilia lori. Waliotaka kazi walitakiwa kuleta karatasi zao kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Niliposikia, niliweka chini chuma nilichokuwa nimeshika, na waliokuwa hapo watakwambia sikusema neno, jambo ambalo si la kawaida. Siku niliyoondoka shule ile nilitokea kwa geti la mbao lililokuwa limening'inia kwa bawaba moja. Nililitazama nikasema, hata mimi ningelitengeneza vizuri kuliko hivi. Nilikuwa mtoto. Sikuwa nimewahi kushika hata msasa. Lakini nilisema. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema kitu kwanza, halafu nakimbia nyuma yake kukitafuta.

Geti lile nililitaka kuliko kazi yoyote. Ningelifanya hata kwa hasara, na mimi sifanyi kitu kwa hasara. Nilishamchora simba. Simba mkubwa, taji lenye ncha.

Lakini kati ya karatasi zilizotakiwa kulikuwa na cheti cha kodi, kile kinachoonyesha kwamba wewe na watu wa kodi mko sawa. Jumatano nikaenda kwa saiba, duka la kompyuta, kukitoa. Binti aliyekuwa kwenye kompyuta akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Mkubwa, wamekataa."

"Waambie ni mimi."

Akanitazama. "Hapa wanasema wewe ni mwajiri, una kodi ya mishahara ya wafanyakazi. Una nyumba za kupangisha. Na una ile kodi ya ongezeko la thamani ya biashara kubwa. Na zote hizo hujawahi kuleta ritani hata mwezi mmoja."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka ya nyuma, nilipokwenda kuandikishwa namba ya kodi, kijana wa saiba aliniuliza ni kodi zipi zinanihusu aziweke alama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Kwenye foleni kulikuwa na watu wanaonijua. Kijana akaanza kuzisoma kwa sauti, moja moja, na nikaona kwamba kila nitakaposema "hiyo sina" nitaonekana mdogo.

"Weka zote," nikasema.

"Zote? Una wafanyakazi wa mshahara?"

"Ishirini."

"Na nyumba za kupangisha?"

"Pipeline," nikasema, kwa sauti ya kumfikia wa mwisho kwenye foleni.

Kusema kweli, kule mtaa wa Pipeline nilikuwa nimechomelea grili za madirisha ya jengo moja refu, na vyuma vya kushikilia vya ngazi zake. Mtu akiniuliza kama lile jengo ni langu, nilikuwa nasema, "Kazi yangu ile," halafu namwacha amalizie mwenyewe. Wafanyakazi walikuwa wawili, na mmoja alikuwa shemeji yangu.

Kwa hiyo oneni maajabu. Mke wangu hakuniamini. Wakwe hawakuniamini. Mlinzi hakuniamini. Katika Nairobi nzima, aliyeniamini ni mashine ya kodi peke yake. Iliamini kila neno, ikafungua mlango, ikakaa miaka yote hiyo ikinisubiri nilete habari za nyumba zangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Afisa. Nilimkuta uani ananyunyizia sukuma wiki zake maji.

"Jirani."

"Salama."

"Hata sijakusalimia." Nikacheka peke yangu. "Nina kajambo kadogo. Ka kodi."

Akafunga bomba. "Kesho ni Alhamisi," akasema.

"Najua kesho ni Alhamisi."

"Saa nane. Barazani."

"Afisa, ukuta wetu ni mmoja. Nikipiga chafya unaisikia."

"Ndiyo sababu."

"Ni maneno ya dakika mbili. Ijumaa saa sita nimekwisha. Ni geti la shule, Afisa, ile shule yangu."

Aliniangalia kwa muda, na nikaona kwamba amenisikia vizuri sana, na kwamba kunisikia hakumfurahishi. Kisha akasema kwa upole, kama vile anavyosema na Mama Mitumba, "Uliza kwa sauti, Baba Shiko." Akafunga geti. Geti lile nilimtengenezea mimi mwenyewe, na bawaba zake ni laini kiasi kwamba halikutoa hata mlio wa kuonyesha kwamba nimefungiwa nje. Nililaani ufundi wangu.

Sasa hebu nifikirieni. Kwenye baraza kulikuwa na nusu ya Buruburu. Kulikuwa na wateja wangu. Kulikuwa na yule fundi wa Jogoo Road ambaye naye alitaka geti la shule, na ambaye nilikuwa nimemwambia uso kwa uso kwamba mtu wa vibarua wawili hawezi kushindana na mtu wa ishirini. Nisimame mbele ya hao wote niseme nini?

Nikatafuta njia ya mkato. Alhamisi mchana nikafungua jina lingine, Mpole wa Ziwani, na picha ya ua la waridi. Nikapiga picha karatasi ya saiba pale mezani karakanani, nikaituma barazani na maneno haya: "Hamjambo wapendwa. Nina rafiki, mtu wa heshima, aliyeandikishwa kodi zote kwa bahati mbaya. Afanye nini?"

Kabla Afisa hajaanza hata madoadoa, kijana mmoja akaandika: "Na huyo si paka wa Baba Shiko?"

Nikatazama ile picha. Kwenye pembe, kando ya karatasi, alikuwa amelala simba wa bati, ametoka kukatwa, taji na yote.

Sitawaeleza vicheko vilivyofuata. Wengine walituma picha za paka wao. Mtu wa Jogoo Road alituma mkono mmoja tu unaopunga, na huo uliniumiza kuliko paka wote.

Ndipo Afisa akaandika. Polepole. "Karibu, Mpole wa Ziwani. Jibu la rafiki yako ninalo. Lakini lina maswali matatu ambayo ni yeye tu anayeweza kuyajibu. Mwambie aje mwenyewe. Tutamngoja mpaka saa kumi. Wengine wenye paka, tuendelee na kodi."

Nikaifunika simu mezani. Mama Shiko alikuwa ameniletea chakula, na alikuwa amesoma yote kwenye simu yake.

"Nenda," akasema.

"Wamo watu wote huko."

"Kwani watu wote hawajui?"

"Hawajui nini?"

"Baba Shiko." Akaweka sahani chini. "Wewe unataka geti au unataka jina?"

Nilitaka vyote viwili, kama kawaida yangu. Lakini nikaichukua simu, nikarudi kwa jina langu la Mkurugenzi, nikaandika kwa gumba lililoungua: "Ni mimi. Rafiki ni mimi."

Hakuniita Mkurugenzi. Aliandika, "Karibu, Fundi. La kwanza. Una wafanyakazi wangapi wa mshahara?"

Nikakaa. Nikaandika ishirini. Nikafuta. "Wa mshahara sina. Nina vibarua wawili."

"La pili. Una nyumba unazopangisha?"

"Sina."

Kijana yule wa paka akaingilia: "Na zile flati za Pipeline?"

Nikaandika, "Nilichomelea grili."

"La tatu, Fundi. Kazi zako za mwaka mzima zikijumlishwa, zinafika kile kiwango cha biashara kubwa kinachodai ongezeko la thamani?"

"Hazifiki." Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeshazama na sikuona faida ya kubakiza kichwa juu ya maji, nikaongeza: "Hata karibu."

Nikangoja vicheko. Havikuja. Kisha akaandika yule Mama Saluni, aliyefanya kinyume: "Hata mimi niliwekewa zote. Niliona aibu kusema sielewi." Akafuata fundi cherehani wa Pipeline: "Hata mimi." Akafuata mtu wa maziwa. Wakafuatana hata nikashindwa kuwasoma. Na mwishoni kabisa, mtu wa Jogoo Road: "Yangu mimi wameweka mpaka kodi ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Nilimwambia kijana wa saiba nina kontena." Nilimpenda kwa dakika moja nzima.

Afisa alitueleza sote kwa pamoja. Kwanza tulete ritani tupu za zile kodi zisizotuhusu, kwa miezi yote tuliyonyamaza, tuseme wazi kwamba hakukuwa na kitu. Kisha tuombe ziondolewe, na kwa faini za kuchelewa tuandike maombi tujieleze. Na ile inayotuhusu, ya kazi ya mikono yetu, tuilete kama watu wazima. Kisha akaandika, kwangu peke yangu lakini mbele ya wote: "Fundi, kesho saa sita hutakuwa na cheti. Nisingependa kukudanganya. Lakini anza leo."

Nilianza siku hiyo. Ijumaa saa sita sikuwa na cheti. Geti likaenda kwa fundi mwingine kabisa, mtu wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu. Ni geti zuri. Nimelikagua mara kadhaa nikitafuta kosa, na bado natafuta.

Jumamosi nilimkuta Afisa anaosha gari. Nilisimama, nikingoja aseme neno, pole, hongera, lolote.

"Salama," akasema. Nilikaribia kumvisha ile ndoo.

Cheti kilitoka baadaye, na shule iliponitafuta tena ilikuwa kwa mlango wa jikoni. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini fikirieni jambo hili: geti kubwa hufunguliwa lori likija. Mlango wa jikoni hufunguliwa siku nzima. Na kama kuna kitu nakumbuka vizuri kutoka shule ile kuliko hesabu na Kiswahili, ni harufu iliyokuwa ikitoka kwa mlango ule. Niliufanya mlango wenyewe kwa chuma kizito kuliko walichoomba, na katikati nikamweka simba. Mdogo.

Afisa alistaafu mwaka jana. Hakuna sherehe aliyotuita. Tuliona tu ameanza kuosha gari siku za katikati ya juma.

Juzi niko karakanani na mteja, mama mmoja mgeni aliyekuja kutafuta dirisha. Nilikuwa nimepamba moto. "Mama, hapa umefika. Hii si karakana ya kubahatisha. Mimi hapa nina wafanyakazi ishirini..."

"Ishirini?" ikasema sauti nyuma yangu.

Sikugeuka. Niliijua. "Wawili, mama," nikasema. "Na mimi."

"Wawili wanatosha," akasema yule mama. "Dirisha langu ni moja."

Afisa alikuwa amesimama mlangoni, chini ya MKURUGENZI, ambayo rangi yake imebambuka na sijairudishia. Nikamvutia stuli. Kwa mazoea tu nikamwambia mmoja wa vibarua alete chai, kisha nikakumbuka, nikainua mkono kumzuia.

"Mwache alete," akasema Afisa.

Ndipo nilipoona kwamba kwapani hana kitu. Akapewa kikombe cha bati, kile kilichomeguka, akanywa. Akanywa chote. Akaomba kingine. "Sukari ni nyingi mno," akasema, akakimaliza na hicho. Nilitamani Mama Shiko angekuwepo. Nilitamani mjomba wa mkwe angekuwepo.

Alitaka geti dogo. Wanahamia mashambani kwao, yeye na mke wake, na kuna kipenyo kwenye ua kinachoingiza mbuzi.

"Nitakufanyia safi kabisa," nikasema. "Bila mapambo, najua wewe ni mtu wa..."

"Nataka na paka."

"Paka gani?"

"Yule wa mlango wa jikoni kule shuleni. Mjukuu wangu anakula pale. Watoto wote humgusa kichwani wakipita na sahani, ameng'aa. Nataka yule."

"Ni simba yule, Afisa."

"Salama," akasema. Na safari hii nikaona lile pengo.

Akasimama kuondoka, kisha akarudi, akaegemea meza. "Baba Shiko. Sasa nimestaafu. Sina baraza tena, sina wakubwa. Kama una swali lolote la kodi, niulize hapa. Tuko wawili tu."

Miaka mingapi nilikuwa nimengoja maneno hayo? Nimeyangoja ukutani, nimeyangoja kwenye geti lake lisilolia. Nikajinyoosha, nikashika kiuno.

"Nitauliza Alhamisi," nikamwambia. "Kwa sauti. Kuna mwenzangu anayeogopa."

Afisa alinitazama, akatazama chini, akapangusa miwani kwa ncha ya shati. Akakosa hata salama ya kusema.

Kusema kweli, sikuwa na swali lolote. Kodi yangu yote iko sawa, na sijui kama nitaingia barazani Alhamisi, kuna kazi nyingi. Lakini lilikuwa neno zuri, na limenijia lenyewe, na mimi nikijiwa na neno zuri siwezi kulizuia.

"Na dirisha langu?" akauliza yule mama.